JASUSI ALIYEALIKWA: KUIKINGA TARAKILISHI YA NYUMBANI

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumeifunza tangu shule ya msingi na tumeiandikia insha si haba. Katika insha hizo, anayelaumiwa aghalabu huwa ni rafiki msaliti au mtu wa ukoo. Leo ninawaletea mdudu mwingine akaaye nguoni: programu za kijasusi na programu zisizotakiwa, ambazo hujibanza ndani ya tarakilishi, au kompyuta kama wengi wetu tunavyoiita, pale pale sebuleni mwetu.

Labda kuna atakayeuliza, "Haya ya kompyuta yanatuhusu nini sisi wapenzi wa lugha?" Yanatuhusu sana, ndugu yangu. Katika nyumba nyingi tarakilishi ni moja tu, nayo ni ya watu wote. Baba huitumia kujaza fomu za ushuru za KRA. Mama huweka humo hesabu za duka na za chama cha akina mama. Kaka aliyemaliza Kidato cha Nne huitumia kuomba nafasi ya chuo kikuu kupitia KUCCPS na mkopo wa HELB. Sisi wadogo nasi hutazama filamu na kucheza michezo. Sasa inapotakiwa kuwekwa programu mpya, ni nani huitwa? Huitwa mwanafunzi. "Hebu njoo wewe unayesoma kompyuta shuleni, utuwekee hii kitu!" Basi mlinzi wa mlango ni wewe na mimi, tupende tusipende. Tukizembea, watakaoibiwa ni wazazi wetu.

Na hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Watu wengi hudhani kwamba jasusi wa tarakilishi ni bingwa fulani aliyejifungia chumbani akivunja makufuli kwa akili za ajabu. Wapo wa aina hiyo, lakini kompyuta ya nyumbani kwenu si benki kuu. Anayeingia kwenu mara nyingi havunji chochote. Hupiga hodi akiwa amebeba kitu cha bure, nasi tukamfungulia wenyewe kwa kubofya "Nakubali".

PROGRAMU HIZI NI ZA AINA GANI?

Ziko nyingi, lakini tunaweza kuzigawa katika makundi matano.

Kundi la kwanza ni programu za matangazo. Hizi hubadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari chako bila ruhusa, hukupeleka kwenye tovuti ambazo hukuziomba, na ukifungua dirisha moja, matangazo matatu yanachomoza. Mwenye programu hulipwa kwa matangazo hayo, nawe unalipa kwa bando zako na kwa kompyuta kujikokota kama kobe.

Kundi la pili ni vinasa vibonyezo. Programu ya namna hii hunakili kila herufi unayobonyeza kwenye kibodi na kumpelekea mwenyewe. Ukiandika barua, anaisoma. Ukiandika nywila ya benki, anayo.

Kundi la tatu ni programu za wizi wa taarifa. Hizi hazina subira ya kungoja uandike. Huchota nywila zote ulizozihifadhi ndani ya kivinjari, pamoja na vidakuzi. Kidakuzi ni kitambulisho kidogo ambacho tovuti hukiacha katika kivinjari chako ili ikukumbuke ukirudi. Mwizi akikipata, anaweza kuingia katika akaunti yako bila hata kuulizwa nywila, kwa sababu tovuti inadhani ni wewe. Kazi yote hii huweza kumalizika kwa dakika chache tu.

Kundi la nne ni programu za kuiongoza tarakilishi kutoka mbali. Aliyekuwekea programu hii anaweza kufungua faili zako, kusikiliza kupitia kipaza sauti na kukutazama kupitia kamera. Wasichana wenzangu, hapa tutege sikio. Mwaka wa 2013, Cassidy Wolf, aliyekuwa ametwaa taji la Miss Teen USA nchini Marekani, alieleza hadharani jinsi mtu alivyompiga picha kisirisiri chumbani mwake kupitia kamera ya kompyuta yake, kisha akamtisha kwamba angezisambaza. Aliposakwa na kukamatwa, kumbe alikuwa kijana waliyesoma naye shule moja! Mwaka wa 2014 kijana huyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Kundi la tano ni waongo wa mchana. Unasoma zako makala, mara skrini inajaa rangi nyekundu na king'ora kinalia: eti kompyuta yako imejaa virusi, lipia dawa hii sasa hivi, ama upigie nambari hii. Hakuna ukurasa wa tovuti unaoweza kuipima kompyuta yako na kujua ina virusi vingapi. Dawa hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe.

WALIKOTOKA

Mchezo huu haukuanza jana. Mwezi wa Disemba mwaka wa 1989, watu katika nchi mbalimbali walipokea kwa posta diski zilizodaiwa kuwa na maelezo kuhusu ugonjwa wa UKIMWI. Diski kama 20,000 zilitumwa. Aliyeiweka diski hiyo katika tarakilishi yake aliona inafanya kazi vizuri tu. Lakini baada ya kuiwasha kompyuta mara 90 hivi, faili zilifichwa na majina yake kuvurugwa, na mwenyewe akaamriwa kutuma dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. La kushangaza ni kwamba karatasi ya masharti iliyokuwa ndani ya bahasha ilikuwa imeonya kuwa asiyelipia programu hiyo angeona programu zake nyingine zikidhurika. Masharti yalikuwepo, ila nani ana wakati wa kusoma masharti?

Intaneti ilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, majasusi waliacha posta wakaja na vikaragosi. Mmoja aliitwa BonziBuddy, sokwe wa rangi ya zambarau aliyekaa kwenye skrini akiongea, akiimba na kutoa vichekesho. Watoto walimpenda kweli kweli. Lakini mwaka wa 2004 kampuni iliyomtengeneza ilikubali kulipa dola 75,000 nchini Marekani kwa kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Tusidhani kwamba wakosaji ni kampuni ndogo pekee. Mnamo tarehe 31 Oktoba 2005, mtaalamu Mark Russinovich alitangaza kwamba baadhi ya sidii za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikiweka programu iliyojificha ndani ya kompyuta za Windows zilimochezwa. Na mnamo Februari 2015 iligunduliwa kwamba baadhi ya tarakilishi mpya za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu iitwayo Superfish. Kazi yake ilikuwa kuingiza matangazo katika kurasa unazosoma, na ili ifanye hivyo ilijiweka katikati ya kivinjari na tovuti, hata zile za benki zilizo na alama ya kufuli. Isitoshe, ufunguo wake ulikuwa ule ule katika mashine zote. Ni kama mwenye mtaa afunge nyumba zote kwa kufuli zenye ufunguo mmoja. Akiupata mwizi mmoja, mtaa mzima hauna mlango.

MILANGO WANAYOPITIA

Mlango wa kwanza ni kubebana. Unapakua programu ya bure ya kubadilisha nyimbo, na ndani ya kifurushi kile kile kuna nyingine tatu. Zimetajwa katika hatua ya nne au ya tano, kwa maandishi madogo, na alama ya kuzikubali imeshawekwa tayari. Wewe unabofya "Endelea, Endelea, Nakubali, Maliza". Kampuni moja ya Marekani, PC Pitstop, iliwahi kuwapima watu kwa hili. Ilificha ndani ya masharti yake ahadi ya zawadi kwa yeyote atakayeyasoma na kuiandikia. Ilipita miezi kama minne, na programu ikapakuliwa mara 3,000 na zaidi, ndipo mtu mmoja akaandika. Akapewa dola 1,000. Wenzake wote walikuwa wameapa kwamba wamesoma na kukubali.

Mlango wa pili, ambao nchini kwetu uko wazi mno, ni kraki, yaani programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Mara nyingi maagizo yake huanza hivi: "Kwanza zima programu ya kinga." Jamani! Mgeni anayekuomba umfunge mbwa na kumpeleka mlinzi akalale, anataka nini kwako? Mwaka wa 2021 watafiti wa usalama walionya kuhusu nakala bandia za KMSPico, kifaa kinachotumiwa kuwasha Windows na Office bila kulipa. Nakala hizo zilikuwa zimebeba programu ya wizi wa taarifa iitwayo CryptBot.

Mlango wa tatu ni flashi. Unatoka nayo saiba ulikoenda kuchapisha kazi ya likizo, au duka la filamu, na ukiichomeka nyumbani unakuta kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, lakini umekwisha kuiamsha programu iliyojificha nyuma yake. Aidha, kuna faili zinazojiita filamu ilhali jina lake linaishia na .exe. Filamu au wimbo hauishii hivyo. Hiyo ni programu iliyovaa kanzu ya filamu.

Mlango wa nne ni barua pepe yenye kiambatisho usichokitarajia: risiti ya kitu hujanunua, au barua ya kuitwa kwa mahojiano ya kazi ambayo hukuiomba.

Mlango wa tano ni mpya kidogo, nao umewanasa wengi tangu mwaka wa 2024. Tovuti inakuambia uthibitishe kwamba wewe si roboti. Badala ya kukuonyesha picha za magari, inakuagiza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, halafu Enter. Usithubutu! Kwa vibonyezo hivyo umeiamuru kompyuta yako mwenyewe imlete mwizi. Hakuna tovuti ya kweli inayopima roboti kwa njia hiyo.

DALILI ZAKE

Tarakilishi yenye mgeni huweza kuwa nzito ghafla na feni yake ikavuma hata kama hufanyi kazi kubwa. Bando huisha kabla ya wakati. Ukurasa wa kwanza wa kivinjari hubadilika, au vikaonekana viongezo ambavyo hakuna aliyeviweka. Programu ya kinga hukutwa imezimwa na inakataa kuwashwa. Taa ya kamera huwaka bila sababu. Marafiki nao husema wamepokea ujumbe kutoka kwako ambao hukuutuma.

Hata hivyo tusidanganyike. Jasusi hodari haonyeshi dalili yoyote, na mashine kuukuu huweza kuwa nzito kwa uzee tu. Dalili ni za kukufanya uchunguze, na kimya chake kisikufanye ulale.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Kwanza, gawanyeni akaunti. Hili ndilo kubwa kuliko yote na halina gharama. Windows ina akaunti za namna mbili: ya msimamizi na ya mtumiaji wa kawaida. Katika nyumba nyingi kila mtu hutumia ile ya msimamizi, hata mtoto wa darasa la pili. Wekeni akaunti za kawaida za kutumia kila siku, na nywila ya msimamizi ishikwe na mzazi. Hapo programu inayotaka kugusa mashine nzima italazimika kuomba nywila, na mtu wa pili atauliza, "Hii ni ya nini?" Swali hilo moja huwafukuza wageni wengi. Hata hivyo, programu mbaya iliyofunguliwa katika akaunti ya kawaida bado inaweza kuiba siri za akaunti hiyo, kwa hivyo kinga zinazofuata zinahitajika pia.

Pili, sasisha mfumo na kivinjari kila mara. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na masasisho ni udongo wa kuzibia nyufa. Wenye Windows 10 wajue kwamba huduma yake ya kawaida ya masasisho ya bure ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoweza kubeba Windows 11 inaweza kuwekewa mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao ni wa bure.

Tatu, usizime mlinzi uliyepewa. Windows 10 na 11 huja na programu ya kinga ndani yake. Kwa nyumba ya kawaida, hiyo ikiwa imewashwa na kusasishwa inatosha. Usirundike programu mbili au tatu za kinga, kwani huzuiana na kuilemea mashine.

Nne, pakua kutoka kwa mwenyewe. Sisemi kwamba kila cha bure ni kibaya. LibreOffice hufanya kazi za kuandika na hesabu, VLC hucheza filamu, na Firefox huvinjari, na zote ni za bure kwa haki. Ila zichukue kwenye tovuti za watengenezaji wake. Tangazo linalotokea juu kabisa unapotafuta jina la programu huweza kuwa la tapeli, kwa hivyo soma anwani herufi kwa herufi.

Tano, soma kabla ya kukubali. Penye njia ya haraka na njia ya kujichagulia, chagua ya pili, kisha uondoe alama kwenye kila kitu ambacho hukukijia.

Sita, ionyeshe tarakilishi yako majina ya faili kwa ukamilifu, pamoja na herufi za mwisho, na uipime kila flashi kwa programu ya kinga kabla ya kuifungua.

Saba, weka uthibitisho wa hatua mbili katika akaunti za barua pepe na za fedha, na usitumie nywila moja kila mahali. Kamera nayo ifunike kwa kipande cha karatasi usipoitumia. Kazi muhimu zinakiliwe kwenye diski nyingine inayokaa nje ya kompyuta.

AKISHAINGIA, TUFANYEJE?

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupanguswa. Fuata utaratibu huu.

Katiza intaneti mara moja ili asiendelee kutuma. Usianze kwa kubadilisha nywila kwenye mashine hiyo hiyo, maana utakuwa unamwandikia mwizi nywila mpya. Tumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, uanze na barua pepe, kisha benki. Halafu agiza kila akaunti itoke katika vifaa vyote, ili vidakuzi vilivyoibwa visifae tena.

Kisha rudi kwenye mashine. Ipime kwa ukamilifu, na utumie ule upimaji wa Windows unaofanyika kabla ya mfumo kuwaka, kwa sababu wakati huo jasusi bado amelala. Ondoa programu na viongezo usivyovijua, urudishe mipangilio ya kivinjari mwanzo, na ufute ruhusa za arifa ulizozipa tovuti ovyo. Asipotoka, hifadhi picha na maandishi yako pekee, uache programu, kisha mfumo uwekwe upya wote. Ukimwita fundi, kaa naye na umwambie wazi kwamba hutaki kraki. La sivyo atakutolea jasusi mmoja na kukuachia wawili.

Zaidi ya yote, mwambie mzazi mapema. Najua ni vigumu. Mtu huogopa kugombezwa akanyamaza, na siku zinapita huku akaunti zikifyonzwa. Kugombezwa ni kwa jioni moja, lakini karo iliyoibwa hairudi kwa urahisi. Na wazazi wanaosoma jarida hili, tafadhali mtupokee kwa upole tunapokuja na habari kama hiyo, ili wakati mwingine tusifiche.

SHERIA NAYO INASEMAJE?

Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Ikafuata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Kwa ile ya 2018, kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa linaloweza kumletea mtu faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili. Ninataja hili kwa sababu wapo vijana wanaodhani ni ujanja kumwekea mwenzao kinasa vibonyezo ili wasome barua zake. Huo si ujanja, bwana, ni jinai. Mkumbukeni yule kijana wa Marekani.

TAMATI

Wenzangu, likizo inakuja. Utakaporudi nyumbani, kabla hujafungua filamu ya kwanza, keti na mzazi wako kwa nusu saa. Tengenezeni akaunti mbili, sasisheni mfumo, muangalie kama mlinzi yuko macho, na muulizane kuhusu kila programu iliyomo: ni nani aliyeiweka, na ni ya kazi gani? Ile isiyo na mwenyewe, itoeni. Walimu wetu nao tunawaomba utaratibu huu ufanywe katika chumba chetu cha kompyuta, kwani flashi zetu ndizo zinazosafiri kati ya shule na nyumbani.

Wazee wetu walimpa mgeni maji na mahali pa kukaa, lakini kwanza walimuuliza ametoka wapi. Nasi tuulize kabla ya kubofya. Kwaherini, na likizo njema.